Kwa mnaoanza bendi: someni safari ya Loudness

Wadogo zangu mnaounda bendi sasa, nimepiga gitaa jukwaani kwa miaka kumi na tisa, na kila kijana anaponiuliza aanzie wapi, humtaka kwanza aijue safari ya Loudness, bendi ya hevi metali kutoka Osaka, Japani. Karibu kila uamuzi mgumu unaoikabili bendi changa, wao waliwahi kuufanya, na matokeo yake yanasikika waziwazi katika albamu zao kwa yeyote atakayezisikiliza kwa mpangilio wa miaka.

Mpiga gitaa Akira Takasaki na mpiga dramu Munetaka Higuchi hawakuingia kazini wakiwa wageni. Walitoka Lazy, kundi lililokuwa likiimba nyimbo nyepesi za kuwapendeza vijana wadogo, ilhali nyoyo zao zilikuwa kwenye roki nzito. Lazy ilipovunjika mwaka 1981, walimchukua Masayoshi Yamashita, rafiki wa Takasaki tangu utotoni, apige besi, na Minoru Niihara, aliyekuwa katika bendi ya Earthshaker, aimbe. Mwaka huohuo wakatoa albamu yao ya kwanza, The Birthday Eve. Ninaamini kabisa kwamba miaka ile ya kupiga muziki usiokuwa wao ndiyo iliyowafundisha nidhamu ya studio na ya jukwaa. Kwa hiyo anayewaita kupiga kwenye harusi kwa malipo madogo msimdharau, kwa maana huko ndiko mimi nilikojifunza kufunga vyombo kwa haraka na kuendelea kupiga hata uzi wa gitaa unapokatika katikati ya wimbo.

Jambo ninalotaka mlishike zaidi ni miaka minne iliyofuata. Kabla ya Marekani kuwafungulia mlango, walikuwa wamekwisha kutoa albamu nne, kila mwaka moja: baada ya ile ya kwanza zilikuja Devil Soldier mwaka 1982, The Law of Devil's Land mwaka 1983 na Disillusion mwaka 1984, na kwa sehemu kubwa Niihara aliziimba kwa Kijapani, lugha aliyoimudu hadi kwenye pumzi. Sikilizeni namna dramu za Higuchi zinavyolibeba gitaa la Takasaki katika albamu hizo. Wengi wenu mnakimbilia solo zake, zile anazogonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, nami nilifanya hivyohivyo kwa mwaka mzima nikiwa chumbani peke yangu. Siku tulipojaribu Crazy Nights kwa pamoja, wimbo ambao mwendo wake ni wa wastani tu, tulishindwa kufika ubeti wa pili tukiwa sawa. Nikaweka gitaa chini, nikamwomba mpiga besi na mpiga dramu wapige wawili tu, na hapo sote tukasikia kwamba besi ilikuwa ikitangulia dramu kidogo kila baada ya mapigo manne. Tulikaa na wimbo huo mmoja wiki sita kabla sijaruhusiwa kurudisha gitaa langu.

Wimbo huo unatoka katika Thunder in the East ya mwaka 1985, iliyotayarishwa na Max Norman na kusambazwa Marekani na Atco, tawi la kampuni ya Atlantic. Albamu ilifika nafasi ya 74 katika chati ya Billboard, orodha ya albamu zinazoongoza Marekani, na tarehe 14 Agosti mwaka huo bendi ikapanda jukwaa la Madison Square Garden, New York, ikiwatangulia Mötley Crüe, bendi ya roki ya Marekani. Lightning Strikes ya mwaka 1986 ikapanda hadi nafasi ya 64. Kisha ikaja Hurricane Eyes ya mwaka 1987, chini ya mtayarishaji Eddie Kramer, nayo ikashuka sana chati.

Hapo ndipo ulipofanywa uamuzi ambao hadi leo unaniuma. Mwishoni mwa mwaka 1988 Niihara aliondolewa, akaletwa Mmarekani Mike Vescera kwa matumaini kwamba Kiingereza chake kingewapa soko. Vescera ni mwimbaji hodari, na Soldier of Fortune ya mwaka 1989 ni kazi nzuri, lakini soko lile halikupatikana, na miaka michache baadaye naye akaondoka. Yamashita akafuata, kisha Higuchi, hata kufikia katikati ya miaka ya 1990 akabaki Takasaki peke yake kati ya wale wanne. Mnapoambiwa kwamba tatizo lenu ni sauti ya mwenzenu, ulizeni kwanza anayesema hivyo anauza nini na anamuuzia nani.

Wanne wale walirudiana, wakatoa Spiritual Canoe mwaka 2001, na wakakaa pamoja hadi saratani ya ini ilipomchukua Higuchi tarehe 30 Novemba 2008, akiwa na umri wa miaka 49. Nafasi yake ilichukuliwa na Masayuki Suzuki, na bendi ikaendelea.

Kuhusu hati za safari na vibali nitasema kwa ufupi. Mwaka 2017 bendi hii, yenye zaidi ya miaka thelathini ya kazi, ilizuiwa kuingia Marekani na ziara ikafutwa. Sisi tulipoteza onyesho dogo zaidi ya hilo kwa sababu mwandalizi alituhakikishia kwa mdomo kwamba kibali kipo, nasi hatukudai kukiona.

Kwa jioni ya leo, tafuteni Devil Soldier na Soldier of Fortune, mzisikilize moja baada ya nyingine bila kushika chombo chochote, na kila mmoja aandike katika daftari lake kile alichokisikia katika ya kwanza ambacho hakukipata katika ya pili. Njooni na madaftari hayo mazoezini, na mpiga dramu awe wa kwanza kusoma.