Fupisha Logi Kabla ya Kuanza Kuisoma

Kutokana na kazi yangu ya kutunza seva za ofisi ndogondogo hapa Mwanza na kisiwani Ukerewe, ningependa kila fundi anayeanza ajue mapema kwamba faili la logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya seva, halifai kusomwa likiwa ghafi. Katika /var/log/syslog, faili la logi la Linux, huandikwa kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), mtandao unaopotea na kurudi, na huduma zinazowashwa upya kila umeme unaporejea, na katikati ya maelfu ya mistari hiyo ndimo unapojificha ule mmoja unaoonya kwamba diski inaharibika.

Kubana faili kwa gzip, kama inavyofanya logrotate, programu inayozungusha faili za logi zinapozeeka, huokoa nafasi ya diski lakini hakumpunguzii msomaji hata mstari mmoja. Kinachohitajika ni kukusanya pamoja ujumbe unaojirudia, ambao kwa kawaida hutofautiana kwa tarakimu tu, yaani saa, namba ya mchakato au namba ya poti. Ukizibadilisha tarakimu zote kuwa alama moja, mistari hiyo hufanana na huweza kuhesabiwa:

sed -E 's/[0-9]+/#/g' /var/log/syslog | sort | uniq -c | sort -n

Hapa sed hubadilisha tarakimu kuwa #, sort hupanga mistari, uniq -c huhesabu inayofanana, na sort -n hupanga kwa idadi kuanzia ndogo. Amri ya uniq hulinganisha mistari iliyofuatana tu, ndiyo maana sort hutangulia. Programu ya petit nayo hufanya kazi ya namna hii kwa chaguo la --hash. Wengi hupanga matokeo kuanzia ujumbe uliojirudia zaidi. Mimi huanza na ule uliotokea mara moja au mbili, kwa sababu unaojirudia sana mara nyingi tumekwisha kuuzoea.

Faida yake huonekana zaidi pale seva inapokuwa Nansio, Ukerewe, nami niko Nyakato, Mwanza. Badala ya kulivuta faili zima kwa bando la simu, naituma amri hiyo kupitia ssh (njia ya kuendesha amri kwenye seva ya mbali), ufupisho unafanyika kulekule, na inayonifikia ni mistari michache.

Hata hivyo, tarakimu nyingine zina maana: sda1 na sda2, ambazo ni sehemu mbili tofauti za diski, zitaonekana kitu kimoja, na mpangilio wa matukio kwa saa utapotea. Kwa hiyo usifute faili la asili. Ukishapata mstari unaotia shaka, rudi humo kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, uone kilichoutangulia.

Seva ikiwa na afya, hifadhi pia matokeo ya amri ile ya sed katika kawaida.txt, ukitumia sort -u (hupanga mistari na kuacha mmoja tu kwa kila inayofanana) badala ya sehemu zote zinazoifuata sed. Siku ya matatizo, tengeneza leo.txt kwa njia hiyohiyo, kisha andika:

comm -13 kawaida.txt leo.txt

Utaonyeshwa ujumbe ambao haukuwapo awali. Ikiwa seva yako bado huandika jina la mwezi mwanzoni mwa mstari, ondoa kwanza herufi 16 za mwanzo kwa cut -c17-, la sivyo mwezi ukibadilika kila mstari utaonekana mpya.