Titi likitolewa, chuchu ikabaki

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 43, nakaanga maandazi na bajia Ngamiani, Tanga. Kipimo cha kinyama kimeonyesha saratani titi la kushoto, uvimbe wa sentimita 2 upande wa kwapani. Nimeambiwa titi lote litolewe. Binti yangu anasema siku hizi wanatoa nyama ya ndani tu, ngozi na chuchu vinabaki, kama alivyofanyiwa Angelina Jolie, yule mwigizaji wa sinema wa Marekani. Nikiachiwa chuchu, saratani haitarudi hapohapo? Na titi litakuwa kama la mwanzo?

JIBU: Marahaba. Kwanza huyo Jolie. Alipopasuliwa mwaka 2013 hakuwa na saratani. Alirithi hitilafu ya jeni ya BRCA1, inayoongeza sana hatari ya saratani ya matiti, akatoa matiti yote mawili kujikinga. Wewe ugonjwa unao tayari, kwa hiyo swali lako lina uzito ambao kwake halikuwa nao.

Mifereji yote ya maziwa huishia kwenye chuchu, ndiyo maana zamani ilikatwa bila mjadala. Siku hizi tunajua kwamba mgonjwa akichaguliwa vizuri, ugonjwa hurudi penye chuchu kwa wanawake wasiofika 5 kati ya 100. Kuchaguliwa vizuri ni kwamba uvimbe uko mbali na chuchu, chuchu haijaingia ndani wala haitoi damu, na ngozi haijavutwa. Wako kuwa upande wa kwapani ni dalili njema, ila uliza umbali wenyewe kwenye picha. Wakati wa upasuaji, nyama ya nyuma ya chuchu hupelekwa maabara ipimwe peke yake. Ikikutwa na saratani, chuchu nayo inatoka, hata kama kidonda kimeshashonwa. Anayekuhakikishia kabla ya jibu hilo kwamba itabaki, usimsikilize.

Mimi hofu yangu kubwa ni damu kutofika kwenye chuchu. Chuchu ilikuwa inapata damu nyingi kutoka titi lililo chini yake. Likishatoka, inategemea vimishipa vya ngozi. Siku za mwanzo tunaigusa mara kwa mara: ina joto? Imeanza malengelenge? Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi hujificha, basi vidole hutangulia macho. Wengine hubabuka juujuu, gamba jeusi likafanyika, likadondoka na kuacha pekundu panaporudisha weusi wake taratibu, pengine si wote. Chuchu nzima kufa huwapata wachache. Sigara, kisukari kisichotulia, na matiti makubwa yaliyolala huongeza hatari. Sukari yako ipimwe mapema.

Ndani huwekwa kipandikizi cha silikoni, ambacho huenda kikahitaji kubadilishwa baada ya miaka, au nyama yako mwenyewe ya tumboni au mgongoni. Tezi za kwapani zikikutwa na ugonjwa, huenda ukahitaji mionzi, labda kule taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na mionzi inaweza kukikaza kipandikizi mpaka titi likawa gumu na kupanda juu. Uliza habari ya mionzi kabla ya kuuliza bei. Na kama upasuaji wa kubakiza chuchu haupatikani karibu, usikae na saratani miezi ukiutafuta. Titi linaweza kujengwa hata baadaye.

Umbo mara nyingi huridhisha. Hisia, hapana. Neva hukatwa, chuchu ikabaki na ganzi; wengine hisia hurudi kidogo baada ya miezi, na kunyonyesha upande huo hakupo tena. Kwa kazi yako hili si dogo. Mafuta yakiruka kutoka kwenye karai yakapenya kanga, unaweza usijue mpaka uone lengelenge jioni ukioga. Na shangazi akija na maji ya moto kukukanda, mwambie akande miguu.