Re: Vihisi joto vya matangi ya maziwa Mbarara, data inapotea na nahofia usalama

Ndugu, umesema ESP32 zako zote sita (vidhibiti vidogo vinavyosoma vihisi) zinatumia nenosiri moja kuingia kwenye seva ya MQTT, yaani seva inayopokea na kusambaza ujumbe wa vifaa. Anzia hapo. Kikiibwa kimoja, vyote vimekwenda. Kila kifaa kipewe cheti chake cha kidijitali (kitambulisho chake), na seva ikiruhusu kiandike kwenye mada yake tu, yaani njia yake ya ujumbe, mfano maziwa/tangi3/joto. Tumia bandari 8883 yenye TLS (usimbaji wa mawasiliano), ufunge 1883 isiyosimbwa kabisa. Ile setInsecure(), amri ya kuruka ukaguzi wa cheti cha seva, uliyoiweka ili "ifanye kazi kwanza" iondoe: data inasimbwa, lakini kifaa hakijui kinaongea na nani. Cheti cha seva kikikataliwa, huenda ni kwa sababu saa ya kifaa bado iko 1970. Chukua saa mtandaoni kwa NTP kabla ya kuunganisha.

Data kupotea nadhani ni umeme tu. SIM800L, modemu ya laini ya simu, hunyonya hadi ampea 2 inapotuma, volti zikishuka inajizima na kuwaka upya. Weka kapasita ya 1000 µF karibu kabisa na pini zake, na betri ya akiba. Mtandao ukikatika, hifadhi vipimo kwenye flashi (kumbukumbu ya kifaa) pamoja na saa ya kupimwa, uvitume baadaye.

Kihisi joto cha DS18B20 kikikuonyesha nyuzi 85 ghafla, maziwa hayajachemka! Hiyo ni thamani ya kuanzia kinapowaka, hakijapima bado. Na -127 ni waya uliokatika au rezista ya 4.7k iliyosahaulika. Zichuje hizo kwenye kifaa, la sivyo mfumo wa mtandaoni unaopokea data utakupigia kengele usiku kucha. Tahadhari ya kweli: juu ya nyuzi 4 kwa dakika 30 mfululizo, isipokuwa wakati wa kumimina maziwa mapya.