Ukishuka Korongo la Hell's Gate, Mlipe Kiongozi Hata Akikurudisha

Wengi wetu wa Nakuru tunaijua mbuga ya Hell's Gate kwa baiskeli. Unashukia Naivasha, unapanda matatu nyingine ya Moi South Lake Road, unakodi baiskeli na kuingia kwa geti la Elsa, pundamilia na ngiri wakikutazama ukipita. Hapo sina mengi: jaribu breki kabla hujalipa, beba maji. Ninalotaka kulisema linahusu kule ndani, kwenye korongo la Ol Njorowa. Usishuke bila kiongozi, hata kama umewahi kufika.

Korongo lile lilichongwa na maji. Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko tunavyoliona leo, na maji yake yalimwagikia kusini kupitia hapo. Kuta zimesimama wima, kwingine zimekaribiana kiasi cha kubana mabega, na maji ya moto yanachuruzika kutoka kwenye mwamba. Napapenda sana. Lakini hiyo bado ni njia ya maji. Mvua ikinyesha vilimani, mkondo unaweza kukukuta chini huku kichwani pako jua linawaka. Aprili 2012 mafuriko yaliwaua watu saba wa kikundi cha kanisa. Septemba 2019 wakafa saba tena, akiwemo kiongozi mwenyeji. Septemba si masika wala vuli, kwa hiyo kalenda isikutulize.

Getini uliza kama korongo limefunguliwa siku hiyo. Wakisema limefungwa, usimtafute kijana wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma. Likiwa wazi, zungumza na kiongozi wako kabla ya kushuka: huko juu mvua ilinyesha lini? Maji yakija, tunapandia wapi? Anayejua kazi atakutajia kwa mfuatano kila mahali pa kupandia, na mkiwa chini atakuonyesha kila mnapopafikia. Akikujibu tu "hakuna shida", tafuta mwingine.

Halafu pesa. Hili huwaambia marafiki zangu wote: patana naye malipo ya siku, na mwambie waziwazi kwamba atalipwa yote hata akiwarudisha mkiwa hamjafika popote. Kiongozi anayejua atakosa hela ya unga akikataa kushuka anawekwa mahali pagumu, na ninyi mko nyuma yake. Safari moja, mzee aliyetuongoza alitazama mawingu ya mbali akaniambia, "Dada, yale siyapendi. Leo tutembee huku juu." Wenzangu walinung'unika, kwa kuwa tulipokuwa palikuwa pakavu kabisa. Tulimlipa yote na shukrani juu yake. Tangu hapo nikienda huwa naulizia yeye kwanza.

Anzeni asubuhi, maana mawingu mengi hujikusanya mchana. Vaeni viatu vinavyoshika mwamba wenye maji. Sandali ziacheni nyumbani. Kundi likizidi ambalo mtu mmoja anaweza kulitazama, ongezeni kiongozi wa pili akae nyuma. Watoto wadogo ningewaacha juu na mtu mzima, karibu na mnara wa Fischer, ule mwamba mrefu uliosimama peke yake, ambako wapo pimbi wa kuwafurahisha.

Mkitoka na nguvu bado zipo, nendeni bwawa la maji ya moto la Olkaria, humo humo mbugani. Miguu itawashukuru kabla ya kurudisha baiskeli.