Uliza Shangazi: Tuisheni ya barafu inaanza Jumamosi, ninunue nini?

*Shangazi shikamoo. Sisi tuko Ontario, Kanada, mwaka wa nne sasa, tumetokea Tanga. Binti yangu ana miaka 7, kapita misimu miwili ya CanSkate, yale madarasa ya kikundi ya kuteleza kwenye barafu, yuko hatua ya 3, na kanogewa haswa sasa anataka kocha wa peke yake. Tumempata dada mmoja wa hapo klabu atamfundisha dakika 20 kila Jumamosi. Baba yake anasema viatu vya kukodi vinatosha. Mi nimeona vya mtumba mtandaoni, vizuri tu, ila namba mbili zaidi, nkasema si atakua navyo? Na niandae nini kingine? Mama wa Mtelezi.*

Marahaba mwanangu. Kabla hujabonyeza pa kulipia, toa kidole hapo kwanza.

Najua tulivyolelewa, kiatu cha shule kinanunuliwa Januari kikubwa, kinawekwa gazeti mbele, mwaka unaofuata ndo kinakaa sawa. Mi mwenyewe nilifanya hivohivo kwa mwanangu wa pili, nikanunua skeiti, yaani hivo viatu vya barafuni, kubwa nikamvalisha soksi za sufu mbili mbili. Basi mtoto akawa kila akisukuma, mguu unacheza ndani kama mchi kwenye kinu, kisigino kinapanda, enka inalala kwa ndani. Kocha alimwangalia dakika mbili tu akaniita pembeni akaniambia mama, huyu hana tatizo la kuteleza, ana tatizo la viatu. Na hiyo hela ya siku ile nilishalipa.

Kiatu cha barafuni kinatakiwa kibane. Mara nyingi kinakua karibu namba moja chini ya raba anazovaa, kwahiyo usinunue kwa kukisia, mpeleke duka la skeiti wampime urefu na upana pia, akiwa na soksi nyembamba moja, ileile atakayovaa siku zote. Akisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu, akikunja magoti vidole virudi nyuma na kisigino kisinyanyuke. Mtumba sio dhambi, wengi tunanunua mtumba, ila kikunje pale kwenye enka: kikilegea kama kandambili kimeshachoka, achana nacho. Vya kukodi navyo baba asikasirike, vinafaa siku ya kwenda kucheza na binamu zake ila kwa tuisheni hapana, vingi ni laini vimechoka na bledi, kile chuma cha chini, ni butu, sasa kocha atamwambia simama kwenye makali ya nje na hayo makali yenyewe hayapo.

Hapo kwenye makali nikueleze kidogo manake ndo mchezo wenyewe ulipo. Ile bledi chini sio bapa, katikati ina mfereji mdogo, kwahiyo kila mguu una makali mawili, ya ndani na ya nje. Mtelezi mzuri anaegemea upande mmoja mmoja, na mambo yote atakayofundishwa, kukata kona, kuzunguka, kuruka, yanatoka hapo. Bledi mpya nyingi zinatoka dukani hazijanolewa za kutumika, uliza, zinolewe kabla ya Jumamosi. Baada ya hapo kila akifikisha kama masaa 20 mpaka 30 ya barafu zinarudi kwa fundi.

Na fundi sio yoyote! Mi nilipeleka pahala wananoa skeiti za hoki, karibu na nyumbani, bei poa, kijana akaniambia dakika tano tu mama. Zikarudi zinang'aa lakini lile jino kubwa la chini, yale meno ya mbele ya bledi, kalisaga limebaki kijipu. Hoki hawana meno hayo, sisi ndo tunayategemea kuchimbia tukitaka kuruka na kuzunguka. Jino likishaliwa halioti tena. Uliza kocha fundi wake ni nani uende hukohuko hata kama ni mwendo wa saa nzima.

Helmeti: kwa CanSkate ni lazima mpaka amalize hatua ya 5, na iwe ya hoki yenye alama ya usalama ya Kanada, CSA, sio ya baiskeli. Wako yuko ya 3 basi hata kwa kocha wa peke yake anavaa, asikudanganye kwamba wakubwa hawavai.

Nguo ni taiti, fulana ya kubana, kijaketi chepesi, glavu, nywele zifungwe. Jinzi iache nyumbani, ikilowa inakua ubao. Tena mwambie baba kwa mdomo sio meseji, mi simu yangu iligeuza skeiti ikawa sketi, mtu akarudi na sketi ya bluu ya marinda.

Sasa hizo dakika 20. Ndo za bei, na zinaliwa na kamba za viatu wala sio na kocha. Mfike nusu saa kabla. Aruke kamba pale ukumbini dakika kumi, apate joto. Halafu umfunge mwenyewe: kwenye vidole legeza kiasi, kwenye kunjo la enka vuta haswa, juu kabisa legeza tena ili goti likunjike. Mara ya kwanza itakutoa jasho, fanyeni mazoezi nyumbani kwenye zulia huku bledi zimevaa kava ngumu. Kava hizo ndo ala ya kisu, asikanyage sakafu bila hizo, saruji inamaliza makali hatua tatu. Akitoka barafuni zikaushwe kwa kitambaa mpaka kwenye meno, ziwekwe kwenye kava za kitambaa, zile ngumu ukizifungia bledi zina maji zinapata kutu. Kama klabu inaruhusu aingie barafuni mapema azunguke mwenyewe, kocha akija amkute ameshapasha.

Mfundishe pia barafu ya mafunzo ina foleni yake. Anayepigiwa muziki wake anapishwa. Asisimame kwenye kona kufunga kamba, hasa ile kona ya Lutz, aina moja ya mruko, ambako wakubwa wanakuja kinyumenyume kuruka, hawamwoni kabisa.

Kuhusu hela muulize kocha mapema, manake wengi hatukujua: yeye ana malipo yake, barafu ina malipo yake, na uanachama wa klabu mbali. Na ukiahirisha usiku wa kuamkia, wengi wanahesabu umelipa. Kama bajeti inabana bora tuisheni moja na siku nyingine moja ya kufanya mazoezi mwenyewe kuliko tuisheni mbili bila mazoezi. Mpe kidaftari, akitoka aandike vitu viwili alivyoambiwa.

La mwisho ni lako wewe. Usimwitie maelekezo ukiwa ukutani. Kunja goti, kunja goti, na mimi nilikua hivo, mpaka kocha akaniomba nikanywe kahawa.

*Shangazi, sisi ni wa Mombasa tunakaa Abu Dhabi. Mwanangu wa miaka 13 anaanza kocha wa peke yake na anavaa hijabu. Itamkwamisha?*

Mwanangu, uko mji wenyewe! Zahra Lari, mtelezi wa barafu anayevaa hijabu, ni wa hapohapo Abu Dhabi, alifanya mazoezi Zayed Sports City, na hakuanza akiwa kitoto, alikua karibia miaka 12. Mwaka 2012 kule Canazei, Italia, alishindana na hijabu akakatwa pointi kwa ajili ya kile kitambaa cha kichwa, baadae yeye na wenzake wakaenda kuzungumza na shirikisho la kimataifa mpaka ikakubalika. Njia ilishafyekwa.

Cha kuangalia ni pini. Hijabu iwe ya michezo ya kuvuta tu kichwani, ncha zote ndani ya fulana. Pini ikidondoka barafuni bledi ya mtu ikipita juu yake anaruka mzima mzima, na kwenye mashindano kipande cha vazi kikianguka kwenye barafu unakatwa pointi 1 hata leo. Ajaribu nyumbani kugeuza kichwa haraka kushoto na kulia, hijabu ikihama tafuta nyingine.

*Mimi nina miaka 43, Minneapolis, nataka kujifunza na mume wangu anacheka.*

Mwache acheke. Tafuta kocha anayefundisha watu wazima, Learn to Skate USA, mpango wa kufundisha kuteleza hapo Marekani, wana ngazi za watu wazima kabisa hutapangwa na watoto wa miaka mitano. Nunua pedi za magoti na za viganja, na helmeti uvae. Somo la kwanza mwombe kocha akufundishe kuanguka: kunja magoti, kaa kwa ubavu kama unakaa mkekani, mikono ikusanye kifuani vidole visibaki njiani kwa bledi za watu. Kuinuka piga magoti, simamisha mguu mmoja, mikono juu ya goti, sukuma. Nenda asubuhi siku ya kazi, watu wachache. Mume aje akushikie kava.