Wiki inayohesabiwa kwa usiku

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma Macbeth ya Shakespeare. Wachawi wanamtishia baharia kwa "sennights" tisa mara tisa. Kamusi yangu ndogo haina neno hilo. Ni nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni wiki. Piga hesabu uone ukatili wao: wiki 81 za kukondeshwa baharini, mwaka mmoja na nusu na ushei, kisa mkewe kamnyima mchawi kitu cha kutafuna!

Neno lenyewe ni mawili yaliyobanwa: "seofon" na "niht" za Kiingereza cha kale, yaani saba na usiku. Waingereza wa kale walihesabu usiku, si mchana. Tacitus, Mrumi, aliliandika jambo hilo kuhusu makabila ya Kijerumani, mababu wa Waingereza hao, mwaka 98 baada ya Kristo. "Sennight" imeshakufa, ila ndugu yake "fortnight", usiku kumi na nne, bado inatumika Uingereza. Mimi nimeifundisha miaka mingi bila kuuona usiku uliojificha ndani yake.

Na kwetu je? Bibi yangu akisema "usiku wa Ijumaa" alimaanisha Alhamisi baada ya magharibi, kwa kuwa siku mpya huanza jua likizama. Nikiwa kijana nilialikwa hitima ya usiku wa Ijumaa, nikajipeleka Ijumaa jioni na kanzu yangu ya pasi. Nilikuta mikeka imeshakunjwa na masufuria ya pilau yanasuguliwa.