Kinga ishushwe wakati tatizo ni kirusi?

Umeuliza inakuwaje mgonjwa wa hepesi ya ubongo (uvimbe wa ubongo unaoletwa na kirusi cha hepesi) apewe dawa za kushusha kinga. Kwanza ni asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi, ya mshipani, siku 14 hadi 21; haingoji hata majibu ya maabara. Ila wapo wanaopata nafuu, kisha wiki chache baadaye hali inageuka: mtoto anapindapinda mikono na mdomo bila kukusudia, mtu mzima anabadilika tabia. Ndugu hudhani kirusi kimerudi. Kumbe maji ya uti wa mgongo yakipimwa, mara nyingi kirusi hakipo, zipo kingamwili (protini za kinga ya mwili) zinazoshambulia vipokezi vya NMDA, sehemu za seli za ubongo wenyewe zinazopokea ujumbe. Hapo ndipo tiba za kutuliza kinga huingia: steroidi, imunoglobulini (kingamwili kutoka kwa wachangia damu) au kuchuja plazima (majimaji ya damu), na rituksimabu, dawa nyingine ya kushusha kinga, vikigoma. Kuanza navyo bila asiklovia? Hapana kabisa.